Nyundo Iliyopotea Hoxne na Tembo wa Dhahabu wa Tabora

Sheria ya Hazina ya Uingereza ilipitishwa Julai 1996. Kwa mbali inaonekana haituhusu: inaeleza mtu afanye nini akifukua sarafu za kale au vito vya dhahabu shambani. Lakini mashine iliyosababisha sheria hiyo itungwe tunayo sisi pia, na tumeizoea. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaiita ditekta, nao huipitisha juu ya udongo kutwa nzima, vipokea sauti masikioni. Wapo pia wanaoipitisha kwingine, mara nyingi gizani: pembeni mwa maboma ya Kijerumani, chini ya mibuyu mikongwe, kwenye magofu na makaburi. Hao wanatafuta kile kinachojulikana karibu kila mkoa wa Tanzania Bara kwa jina la mali za Mjerumani.

Waingereza waligombana kwa miaka mingi juu ya mashine hii, wakapoteza vingi kabla ya kupata njia. Sisi hatujaanza hata huo ugomvi. Tunapoteza kimyakimya.

Chimbuko la mashine yenyewe ni la huzuni. Julai 2, 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi katika stesheni ya treni mjini Washington, na risasi moja ikabaki mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaunda kifaa cha koili zenye umeme kilichotoa sauti kikikaribia metali, akakipeleka kitandani kwa mgonjwa. Kitanda kilikuwa na springi za chuma, na daktari aliyesimamia matibabu aliruhusu upande wa kulia tu upimwe. Risasi ilikuwa upande wa kushoto. Garfield alifariki Septemba 19.

Miaka ya 1930 Gerhard Fischer, Mjerumani aliyehamia California, alikifanya kifaa hicho kuwa bidhaa ya kuuza. Vita Kuu ya Pili ikaleta luteni wa Kipolandi, Józef Kosacki, aliyebuni huko Scotland mashine nyepesi ya kutafutia mabomu ya ardhini. Mashine 500 za aina yake zilitumika El Alamein mwaka 1942, na Kosacki hakudai hataza. Aliwapa Waingereza bure. Vita vilipokwisha, mashine za jeshi ziliuzwa kwa raia, transista zikapunguza uzito na bei, na kufikia miaka ya 1970 mtu wa kawaida aliweza kununua yake na kwenda nayo ufukweni Jumapili.

Utendaji wake si wa ajabu. Koili iliyo chini ya mpini hutoa uga wa sumaku. Uga huo ukikuta metali ardhini huamsha ndani yake mkondo mdogo wa umeme, nao mkondo hurudisha ishara ambayo mashine huigeuza kuwa mlio. Mzoefu husikia tofauti ya msumari na fedha. Sarafu moja ikizama zaidi ya sentimita 30 hivi, mashine nyingi za kawaida haziisikii tena. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kwenye udongo uliolimwa, ambako jembe la trekta limekwisha kuvipandisha juu vitu vya kale, na kwenye mchanga wa pwani, ambako watu hupoteza pete za ndoa wakiogelea. Wapo waliojitolea kuzitafuta pete hizo na kuwarudishia wenyewe, na hilo nalihesabu kuwa jambo jema kabisa katika burudani hii.

Ugomvi ulizuka mashambani. Wanaakiolojia wa Uingereza waliona watu wasio na mafunzo wakitoboa maeneo ya kale, wakatoka na sarafu, wakaziuza, na hakuna aliyeandika zilikotoka. Mwaka 1979 sheria ilipiga marufuku kutumia ditekta bila kibali kwenye maeneo ya kale yaliyosajiliwa. Mwaka 1980 wanaakiolojia wakaanzisha kampeni kali ya kuwataka watu hao waache kuiba historia ya taifa. Wenye ditekta, wengi wao vibarua, mafundi na wastaafu, walichukia. Waliona wasomi wenye vyeo wanawaita wezi kwa sababu wamepata kwa miguu yao kile ambacho chuo kikuu hakikukipata. Wakaunda baraza lao la kitaifa. Kwa miaka kadhaa pande hizo mbili hazikusalimiana.

Wanborough, huko Surrey, ndipo palipolipa gharama ya ugomvi huo. Mwaka 1983 watu wenye ditekta waliokota hapo sarafu za kabla ya Warumi na za Warumi, na baadhi wakazipeleka makumbusho. Baadaye shauri lilifika mahakamani, na katika kusikilizwa kwake mahali penyewe pakatajwa hadharani. Habari ikaenea. Usiku watu wakaja kwa makundi, wakachimba mashimo juu ya mashimo, wakaondoka na sarafu kwa maelfu, nyingi zikaishia katika biashara ya siri ya vitu vya kale. Wanaakiolojia walipofanikiwa kuchimba eneo lile kwa dharura mwaka 1985 na 1986, walikuta kwamba lilikuwa hekalu, na wakapata hata mapambo ya kichwa ya makuhani. Sarafu zilizoporwa zilikuwa sadaka za hekalu hilo. Nani alizitoa, lini, kwa mpangilio gani, hayo yaliondoka pamoja nazo.

Sheria ya zamani haikusaidia. Ili kitu kiwe hazina ya taifa ilibidi kiwe cha dhahabu au fedha kwa kiasi kikubwa, na ithibitike kwamba aliyekificha alikusudia kurudi kukichukua. Sadaka ya hekaluni haichukuliwi tena, na utetezi uliitumia hoja hiyo. Hukumu zilizotolewa kuhusu Wanborough zikatenguliwa kwenye rufaa. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mahakama ya Rufaa ilikwisha kuamua kwamba sarafu za Kirumi zaidi ya 7,800 zilizopatikana Lincolnshire si hazina, kwa sababu kiasi cha fedha ndani yake kilikuwa kidogo mno. Chama cha akiolojia cha Surrey kilikasirika kiasi cha kuandika chenyewe rasimu ya sheria mpya.

Mkoa mmoja mkubwa haukushiriki katika ugomvi. Huko Norfolk, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanaakiolojia Tony Gregory na wenzake walichagua kwenda kwenye mikutano ya wenye ditekta, wakakaa nao, wakavitazama vitu vyao, wakaandika ni nini na kimetoka shamba gani, kisha wakamrudishia mwenye nacho. Wenzao wa mikoa mingine waliwalaumu kwa kushirikiana na waporaji. Leo Norfolk huwa kileleni, au karibu na kilele, katika orodha ya sehemu zinazoripoti hazina nyingi Uingereza. Nasema waziwazi kwamba Gregory alikuwa sahihi na waliomlaumu walikosea.

Halafu kikaja kisa cha nyundo. Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, Suffolk, mkulima Peter Whatling alipoteza nyundo shambani. Alikuwa na rafiki, Eric Lawes, mtunza bustani mstaafu aliyekuwa amepewa ditekta kama zawadi ya kustaafu. Akamwomba amtafutie. Tarehe 16 Lawes akaingia shambani, na mashine ikalia kwa nguvu. Alichimba akakuta vijiko vya fedha, minyororo ya dhahabu, na sarafu zisizohesabika.

Lawes angeweza kuendelea. Shamba lilikuwa tupu, rafiki yake alikuwa upande wake, na shimo lilikuwa wazi mbele yao. Baada ya kutoa vitu vichache aliacha kuchimba. Yeye na Whatling wakawaarifu polisi na halmashauri ya Suffolk, iliyokuwa mmiliki wa ardhi. Kesho yake wanaakiolojia walifika wakaifukua hazina yote kwa siku moja, kwa siri, kabla magazeti hayajanusa. Sehemu nyingine waliziinua zikiwa bado zimeshikana na udongo, wakazipeleka maabara zikatenganishwe taratibu.

Hapo ndipo ilipoonekana thamani ya mtu kuzuia mkono wake. Kwa kuwa vitu vilikutwa mahali pake, iliwezekana kujua kwamba vilifungwa ndani ya sanduku la mwaloni, na humo mkiwa na visanduku vidogo vyenye kufuli zake. Mabaki ya nguo na majani makavu yalionyesha vyombo vilivyoviringishwa visikwaruzane. Mwenye mali hakuvitupa kwa hofu ya ghafla. Alipanga kwa utulivu, kama mtu anayefunga mizigo ya safari. Mporaji angevitoa vijiko na kutupa vipande vya mbao vilivyooza, na hatungejua lolote kati ya hayo.

Sarafu zilihesabiwa zikafika 14,865 za dhahabu, fedha na shaba, za mwisho zikiwa za miaka ya 407 na 408, karibu kabisa na wakati utawala wa Roma ulipokoma Uingereza. Vito vilikuwa 29, vyote vya dhahabu, kimojawapo mnyororo wa kuvaa mwilini, unaopita mabegani na kukutana kifuani. Bangili moja imetobolewa matundu yanayounda maandishi ya kumtakia heri bibi aitwaye Juliane. Mtu hafichi bangili yenye jina la mkewe au binti yake kwa kupenda. Catherine Johns wa British Museum, aliyechapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa juu ya vito na vyombo vya Hoxne, ndiye niliyemfuata katika sehemu hii, na ndiye aliyenifanya nivitazame vyombo vya mezani kwa muda mrefu kuliko dhahabu.

Miongoni mwa vyombo hivyo mna vichupa vinne vya fedha vya kunyunyizia pilipili manga, kimoja chenye umbo la bibi wa cheo, nywele zimesukwa kwa mtindo wa enzi yake. Pilipili manga haioti Uingereza, wala Roma. Wakati ule ilitoka pwani ya Malabar, India, ikavushwa bahari kwa pepo zilezile za msimu zilizoleta vyombo vya baharini hadi pwani yetu. Warumi walikuwa na habari zetu: kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya kwanza kinaitaja bandari ya Rhapta katika upwa wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo kichupa cha pilipili kilichofukuliwa shambani Suffolk ni cha historia ya Bahari ya Hindi pia, na Mswahili anayesimama mbele yake British Museum hasimami mbele ya kitu cha kigeni kabisa.

Mwaka 1993 hazina ikathaminiwa kwa pauni milioni 1.75. Lawes alilipwa, akagawana na Whatling ingawa sheria ya wakati ule haikumlazimu. Nyundo nayo ilipatikana, ikachukuliwa na makumbusho.

Kisa hiki kilitoa jibu kwa swali lililowagawa watu tangu 1980. Mwenye ditekta akijua kwamba ataheshimiwa na kulipwa, anaweza kuwa mlinzi. Mwaka uliofuata Lord Perth alipeleka rasimu ya watu wa Surrey katika Baraza la Malabwana, na baada ya safari ndefu ya bungeni ikawa Sheria ya Hazina ya 1996, iliyoanza kutumika Septemba 1997 katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Inasema kitu kisicho sarafu, chenye umri wa miaka 300 au zaidi na chenye angalau asilimia 10 ya dhahabu au fedha, ni hazina. Sarafu mbili au zaidi za namna hiyo zilizofukiwa pamoja ni hazina. Zikiwa za shaba tupu, lazima zifike 10. Swali la kama aliyeficha alitaka kurudi halina tena nguvu ya kumwokoa mporaji. Mpataji ana siku 14 za kutoa taarifa. Makumbusho ikikitaka kitu, inalipa bei ya soko, na kwa kawaida mpataji na mwenye ardhi hugawana. Asiyetoa taarifa anaweza kufungwa.

Pamoja na sheria kulianzishwa mpango wa hiari wa kuorodhesha hata vile visivyo hazina, kuanzia vifungo na vipini hadi sarafu moja moja. Maofisa wake wako mikoani. Mtu anabeba vitu vyake kwenye kopo la maziwa, vinapigwa picha, vinaandikwa, anarudi navyo nyumbani. Vilivyoandikwa hivyo sasa vimepita milioni moja. Hazina zinazoripotiwa, ambazo zamani zilikuwa makumi machache kwa mwaka, zinapita 1,000.

Tangu hapo kumekuwa na hazina ya dhahabu ya Staffordshire mwaka 2009, iliyolipiwa zaidi ya pauni milioni 3. Kumekuwa na kesi ya Leominster, ambako wawili waliopata hazina ya Waviking mwaka 2015 wakaificha walifungwa miaka mingi. Mwaka 2023 tafsiri ya hazina ilipanuliwa.

Kwetu habari ya mali za Mjerumani inaanzia 1916. Meli za kivita za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari, na serikali ya Kijerumani ilikosa sarafu za kulipia vita. Ikaweka kiwanda cha kupiga sarafu Tabora, kwenye karakana ya reli. Maganda ya risasi na mizinga yakayeyushwa kuwa vipande vya heller 5 na 20. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikawa sarafu ya rupia 15: upande mmoja tai wa dola, upande wa pili tembo ameinua mkonga mbele ya mlima, na herufi T chini ya tarehe. Zilipigwa 16,198. Septemba 19 mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora na kazi ikakoma.

Hesabu ya sarafu hizo inatosha kumjibu anayeota sanduku lililojaa. Kila moja ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na robo tatu yake ndiyo dhahabu. Zote kwa pamoja hazifiki kilo 90 za dhahabu safi. Hazikufukiwa chini ya mbuyu. Zilipigwa ili zitumike, zikaingia mikononi mwa watu na kutawanyika. Leo hii nyingi ziko kwa wakusanyaji wa sarafu duniani, nao huziuza mnadani kwa maelfu ya dola. Hiyo bei ndiyo inayowasha uvumi. Katika vijiji vya Bara kila mshale uliochorwa mwambani unasomwa kuwa ramani, kila msalaba kwenye gome la mti unahesabiwa kuwa alama ya shimo, na tapeli hakosi rupia ya bandia ya kumuuzia mwenye tamaa. Vijana wanakopa pesa kukodi ditekta. Wanachimba misingi ya boma hadi ukuta unapasuka.

Hasara kubwa zaidi iko pwani, kwenye sarafu ambazo sokoni hazina bei ya maana. Huko Songo Mnara, jirani na Kilwa Kisiwani, mwaka 2011 wanaakiolojia walipata chini ya sakafu ya nyumba akiba ya sarafu za shaba za Kilwa zaidi ya 300. Kwenye makaburi ya mji uleule walikuta sarafu za shaba na vijiwe vyeupe vimeachwa kando ya kaburi moja moja. Sarafu kama hiyo mkononi mwa muuzaji ni kipande cha shaba kilicholika. Ikiwa pale ilipoachwa, inatuambia kwamba watu wa mji ule walirudi kwa wafu wao, wakakaa nao, wakawaachia kitu. Pemba, kwenye kisiwa cha Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo, upande mmoja jina la mtawala na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yaliyopangwa kwa vina. Pamoja nazo zilikuwamo dinari za dhahabu za Kifatimi za karne ya 11, na kwa kuwa zilikuwa pamoja, zile za fedha zilipata umri. Babu zetu walikuwa wakipiga sarafu za fedha zenye mashairi karne nyingi kabla Mreno hajaiona Kilwa. Mtu mmoja mwenye ditekta na jembe angezitenganisha dinari na fedha kwa usiku mmoja, na ushahidi huo usingekuwapo.

Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979. Inakataza kuchimba maeneo ya kale bila leseni na inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa. Ni sheria nzuri kwenye karatasi. Lakini mvuvi wa Songo Mnara au mkulima wa Tabora aliyeokota sarafu anachokijua ni kwamba serikali ikisikia itamnyang'anya, na pengine itamlaza ndani. Anampa dalali. Dalali anajulikana, ana simu, analipa papo hapo.

Naona mahali pa kuanzia si kuongeza adhabu. Ni kumweka mtu. Ofisa mmoja wa malikale katika wilaya, mwenye kamera, mizani na daftari, anayekaa sokoni siku ya gulio na kwenye mwalo boti zinaporudi, anayeandika kitu kimetoka wapi kabla ya kuuliza ni cha nani; na kifungu cha malipo kinachotekelezwa, ili aliyezuia mkono wake kama Lawes alipwe mbele ya wanakijiji wenzake. Gharama yake ni ndogo kuliko kujenga upya ukuta mmoja wa boma. Wilaya za kuanzia zinajulikana bila kuunda tume: Kilwa, Bagamoyo, Pangani na Tabora.